Machozi ya Mnyweshaji

Mnyweshaji wa mfalme hapa Yerusalemu ana mikono laini kama ya bibi harusi, na kila anapotaka kumchongea mtu huanza kwa kulia. Jana alilia miguuni pa mfalme: "Bwana wangu, naona uchungu kusema, lakini jemadari Elyadua anakitaka kiti chako." Elyadua, kaka yangu, aliuawa kabla jua halijatua.

Leo asubuhi mnyweshaji aliingia jikoni ninakooka mikate ya mfalme, akachovya kipande kwenye mafuta ya zeituni.

"Sasa jemadari atakuwa nani?" nilimuuliza.

"Mwanangu ameshaapishwa," alijibu akitafuna. "Pole na msiba, dada. Mkate wako mtamu."

Nilimpokonya kile kipande, nikakitupa motoni mbele ya walinzi wake.

"Haya, lia tena!"