Argoni Kwenye Upepo wa Makambako

Mpaka leo nikisikia mtu anaiita argoni gesi mvivu, nakasirika. Uvivu gani? Ile gesi imetosheka tu. Atomu yake ina elektroni nane kwenye ganda la nje, haina cha kuomba wala cha kugawa, kwa hiyo haiungani na kitu. Hayo niliyakariri shuleni Njombe kwa ajili ya mtihani, na sikujua yangekuja kunitesa Makambako.

Ilikuwa enzi za ruksa, kila kitu kinaingia nchini. Nilipata mashine ya mtumba ya kuchomelea alumini, na baba akakata na kuuza miti yake yote ya miwati ili ninunue mtungi mmoja wa argoni kutoka Dar es Salaam. Mmoja tu. Alumini ikiyeyuka huikimbilia oksijeni ya hewani papo hapo, ikawa nyeusi na isishike. Kazi ya argoni ni kuifunika pale penye moto, hewa isiiguse.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa alhaji mwenye malori ya kwenda Zambia. Alileta tenki la dizeli la alumini, lina ufa wa urefu wa mkono. Likishika, malori yake yote yangekuwa yanatengenezwa kwangu. Lisiposhika, anakwenda kwa mafundi wa Mbeya. Nililiosha kwa maji ya moto na sabuni mara tatu mpaka harufu ya dizeli ikaisha, nikataka kuliingiza ndani ya karakana yangu.

"Ndani hapana," akasema. "Fanyia hapa barabarani, nikuone."

Ndivyo ilivyokuwa Makambako. Mafundi walikuwa wakifunga mlango wanabadilisha vipuri vizima kwa vibovu, basi mwenye gari anaweka kiti nje na kukodoa macho. Na upepo wa pale kila mtu anaujua.

"Alhaji, upepo utaichukua gesi."

"Gesi gani? Hainuki, haionekani." Akaniambia nifungulie mtungi, akawasha njiti ya kiberiti, akaisogeza kwenye mdomo wa bomba. Ikazimika. Madereva wake wakacheka. "Nyie watu wa Njombe mlianza kutuuzia viazi, sasa mnatuuzia upepo."

Jamani, niliumia. Nikamweleza kwamba kuzima moto ndiko ninakokutaka, kwamba gesi hiyo hiyo imo hata ndani ya balbu ya nyumbani kwake, inalinda waya usiungue.

"Fundi, chomelea."

Na mimi, mjinga mimi, nikachomelea. Niliogopa kumpoteza. Robo ya ufa ikatoka nyeusi, ina vitundu kama kitumbua. Nikaisaga, nikarudia. Nyeusi tena. Nikafungulia gesi zaidi, upepo nao ukabeba zaidi. Asubuhi nzima ikaenda hivyo, geji ya mtungi inashuka naiona kwa macho yangu.

Adhuhuri akaenda kuswali. Aliporudi alikuta nimezungushia tenki turubai pande zote, na kiti chake nimekiweka humo ndani.

"Kaa humu, Alhaji, unichunge mikono," nikamwambia, na hasira sikuificha. Nikampa kioo cheusi cha kujikinga macho.

Upepo ulibaki nje. Alumini ikayeyuka safi, ikatulia, ikaganda nyeupe. Alhaji akainama. Nilipomaliza nusu ya ufa alisema taratibu, "Kumbe." Nikaendelea, mgongo unauma, wala sikujali. Ulipobaki ufa wa vidole vitatu tu, mvumo wa gesi kwenye bomba ukakatika. Alumini ikawa nyeusi mbele yetu sote wawili.

"Ongeza," akasema. "Nimekuelewa sasa, fundi. Ongeza hiyo gesi."

Nikamwambia imeisha, na mtungi mwingine uko Dar es Salaam. Akainuka kwenye kile kiti. Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Kisha akainua turubai, akawaita madereva wake walipakie tenki, walipeleke Mbeya.