Sketi ya Madirisha na Nusu ya Tofali

Sogea upande huu, mwanga wa mlangoni uangukie mikono yako. Usiogope sindano. Ni kijiti tu chenye ndoano mdomoni, na kama unajua kufunga kamba ya kiatu, vidole vyako vimekwisha kujua nusu ya kazi. Nitakueleza namna ya kufuma sketi ya kroshe inayokaa mwilini, polepole, kama nilivyomweleza jirani yangu hapa Kansanga. Ukikosea tutafumua. Uzi haununi.

Mimi nilitoka Kongo na kazi hii mikononi. Kwetu, mama asiye na vitambaa vya kroshe juu ya makochi yake anaonekana kama amehamia jana. Tunafunika kochi, meza, televisheni, hata ndoo ya maji ya kunywa. Kwa hiyo nilipofika Kampala na kupanga chumba katika ua huu, kitu cha kwanza kuanika kwenye kamba kilikuwa kitambaa cha kochi, ingawa kochi lenyewe sikuwa nalo.

Jirani yangu wa mlango wa pili ni mama kutoka kaskazini, mke wa polisi. Ua mzima tunamwita Afande, ingawa afande wa kweli ni mumewe. Kiswahili chake alikipata katika kambi za polisi, na ukikisikia kwa mara ya kwanza unaweza kudhani umefanya kosa. Akitaka kukuomba chumvi, anasimama mlangoni na kusema, "Wewe! Chumvi!" Kisha anacheka, na wewe unampa. Asubuhi huenda Ggaba kununua mukene, wale dagaa wa ziwani, halafu anakuja kuwauza hapa barabarani.

Miaka kadhaa iliyopita pikipiki ilimgonga akivuka barabara ya Ggaba. Mguu wa kushoto ulipona ukiwa mfupi kuliko mwenzake. Tangu hapo nyonga ya kulia imepanda, ya kushoto imeshuka, na kila sketi anayovaa ina tabia moja: akitoka nyumbani mshono uko ubavuni, akifika kwenye bomba la maji umehamia tumboni. Alikuwa ameacha sketi kabisa. Alijifunga kanga juu ya gauni pana, basi.

Kisha binti yake mkubwa akaposwa. Katika kanisa lao baba na mama wote wawili humsindikiza bibi harusi kutoka mlangoni hadi mbele, na watu wote husimama wakiwaangalia. Afande alimwambia binti amtafute shangazi yake ashike nafasi hiyo.

"Shangazi alinizaa?" binti akauliza.

"Shangazi anatembea vizuri."

"Basi kama wewe hutembei, na mimi sitembei. Padri atatufuata nyumbani."

Ndipo Afande alipokwenda kwa fundi wa cherehani. Alirudi mapema, kitambaa alichokwenda nacho amekiacha huko huko, akaketi barazani kwangu bila kusalimu. Fundi alikuwa amemzungushia futi kiunoni mbele ya wateja wengine na kumwambia, "Mama, simama sawasawa." Akamjibu kwamba hivyo ndivyo anavyosimama. Fundi akarudia, kwa sauti zaidi, akidhani hakusikia.

"Hakuna fundi atashika hii nyonga tena," akaniambia. Kisha akanyoosha kidole kwenye kitambaa nilichokuwa nafuma. "Hiyo kitu. Inaweza kuwa sketi?"

"Inaweza."

"Basi nifundishe. Nitashona mwenyewe."

Nilimwangalia vidole. Vilikuwa vinene, vyenye magamba ya mukene kwenye kucha. Lakini mtu anayeweza kuchambua mukene na mchanga kwa vidole siku nzima ana uvumilivu wa kutosha kwa kroshe. Nikampa sindano.

Sasa nawe fuata. Anza na mnyororo: vuta uzi kupitia kitanzi, kisha tena, kisha tena. Huo ndio msingi. Juu yake tunasimamisha nguzo. Zungusha uzi mara moja kwenye sindano, ingia kwenye mnyororo, vuta, kisha pita vitanzi viwili viwili mpaka kibaki kimoja. Hiyo ni nguzo. Fuma minyororo miwili hewani, ruka vitundu viwili chini, simamisha nguzo nyingine. Umepata dirisha. Ukitaka kuliziba, weka nguzo mbili mahali pa ile minyororo miwili. Mtindo mzima ni huo: madirisha yaliyo wazi na yaliyozibwa. Anayejua hayo mawili anaweza kuchora ua, ndege, hata jina lake.

Ukifika mwisho wa safu, panda kwa minyororo mitatu, nayo itasimama kama nguzo ya kwanza, kisha geuza kazi. Hapo ndipo Afande alipofurahi. Alikuwa akihangaika na kila safu kimya, ulimi nje, lakini akifika mwisho alitoa amri:

"Nyuma... geuka!"

Watoto wa ua wakajifunza. Yeye akifuma, wao wakicheza, mtu akisikia "nyuma geuka" wote wanageuka. Siku moja mumewe alirudi kutoka kazini, akasikia amri hiyo mlangoni, na nakuapia mguu wake mmoja ulianza kugeuka kabla ya kichwa kukumbuka kwamba yuko nyumbani.

Kwanza nilimfumisha kipande cha ukubwa wa kiganja. Usiruke hatua hiyo. Mikono haifanani, mmoja anavuta uzi kwa nguvu, mwingine analegeza. Kipande kile ndicho kitakachokuambia madirisha yako ni ya upana gani. Pima kiuno, ujue unahitaji madirisha mangapi, ugawe kati ya vile vipande viwili vya sketi, bapa la mbele na bapa la nyuma. Unaanzia juu, kiunoni. Kila baada ya safu chache unaongeza dirisha moja mwanzoni na moja mwishoni, mpaka ufike sehemu pana ya nyonga, kisha unashuka bila kuongeza hadi chini ya magoti. Safu ya kwanza kabisa acha madirisha yote wazi, maana humo ndimo utakamopitisha lastiki.

"Na haya madirisha mengine?" Afande aliuliza. "Kanisa yote itachungulia?"

"Nyongani tunayaziba. Na ndani unavaa petikoti."

"Petikoti mbili," akasema. "Upande wa wakwe wako na macho."

Tulimpima pale anapopikia, mbele ya mlango wake, kwa sababu ndipo penye mwanga. Nilipima kutoka kiunoni hadi gotini, kulia na kushoto. Namba zikatoka sawa. Nilishangaa kidogo, kisha nikafurahi. Sisi wa vitambaa vya makochi tunapenda pande mbili zilingane. Kitambaa kikiwa na dirisha moja zaidi upande mmoja, mgeni analiona kabla ya kuona chai. Basi nikamwekea hesabu sawa pande zote. Uzi ulikuwa wa pamba, rangi ya chai ya maziwa, na ulinuka mukene kuanzia siku ya kwanza.

Alifuma barazani, alifuma sokoni Ggaba akisubiri mitumbwi itie nanga, alifuma kwenye foleni ya maji. Safu zake za mwanzo zilipinda, za katikati zikanyooka, za mwisho hukuweza kuzitofautisha na zangu. Tukaunganisha mabapa mawili ubavuni, tukapitisha lastiki, akavaa.

Ilimkaa. Mbele ya jiko lake, mkono kiunoni, mishono yote miwili imeshuka kama imepigwa rula. Binti yake alipiga vigelegele. Afande akachukua ndoo, akaenda bombani kwa mwendo wa maringo.

Aliporudi, mshono wa ubavuni ulikuwa umefika kwenye kitovu.

Akaiweka ndoo chini, akasogea jikoni kutazama sufuria, na mimi nikabaki nikimwangalia miguu. Pale mbele ya sigiri, jiko lake la makaa, kuna nusu ya tofali. Imekaa hapo siku zote. Afande akipika au akiosha vyombo, mguu wa kushoto unapanda juu ya tofali hilo bila yeye kuuambia, na nyonga zinakuwa sawa, na mgongo unapumzika. Alipopanda, sketi ikajinyoosha. Akashuka kuchukua mwiko, ikapinda. Akapanda tena, ikanyooka.

"Tofali," nikasema.

"Tofali nini?"

"Tulipima ukiwa juu ya tofali."

Akatazama mguu wake kama mtu aliyemkuta mgeni kitandani. Kisha akacheka, lakini si kicheko kirefu.

Harusi ilikuwa karibu. Binti akajaribu kuokoa hali. "Mama, tuna fundi wa viatu pale Nateete. Anaweza kuongeza soli upande mmoja."

"Nilivaa kile kiatu mwaka mzima. Mgongo ulilia. Nitaenda kwa harusi yako nikilia mgongo?"

"Basi vaa gauni pana."

"Gauni pana ni ya mtu anajificha." Akavua sketi pale pale, petikoti zikiwa mbili mwilini, akaketi, akanitazama. "Mwalimu, nikifumua, nitafika?"

Nilitaka kumwambia nitamsaidia bapa moja. Nilikuwa nimekwisha nyoosha mkono. Lakini alikuwa hajaniuliza hilo. Aliniuliza kama atafika. Nikahesabu kichwani jinsi mikono yake ilivyokuwa ikienda sasa, si ilivyokuwa ikienda mwanzoni.

"Utafika, ukianza leo."

Akaikata mishono ya ubavuni, akalitafuta fundo la pindo la chini, akavuta. Kroshe inafumuka haraka kuliko unavyotaka. Maua aliyoyachora pindoni yakaenda, magoti yakaenda, nyonga zikaenda. Uzi ulirudi kwenye mpira ukiwa umejikunja kama nywele zilizofumuliwa. Binti aligeuza uso. Afande alivuta mpaka akafika kiunoni, akaacha safu moja tu, ile ya lastiki.

Safari hii nilimwambia avue ndala, asimame kwenye sakafu tupu. Nilijizuia nisiseme lile neno la fundi. Nikapima upande wa kulia peke yake, nikaandika. Upande wa kushoto peke yake, nikaandika. Kulia kulizidi kwa vidole viwili, na nyonga ya kulia ilianza kutuna juu zaidi kuliko ya kushoto.

Hivi ndivyo tulivyofanya. Ubavu wa kulia tulianza kuongeza madirisha mapema, karibu kabisa na kiuno. Ubavu wa kushoto tulisubiri, tukaanza chini zaidi. Na kwa ule urefu wa vidole viwili, tulitumia safu fupi: unaanza ubavu wa kulia, unafuma hadi katikati, unageuka hapo hapo, unarudi ulikotoka, na upande wa kushoto hukuugusa. Kisha safu inayofuata inapita juu ya zote. Kidato kinachobaki katikati unakiziba kwa nguzo, kinapotea.

Afande aliikataa mwanzoni. "Hii safu imetoroka kambini," alisema. "Imefika katikati, imekimbia."

"Haijakimbia. Imetumwa kulia, imemaliza kazi, imerudi."

"Sawa. Nyuma geuka!"

Tahadhari moja: bapa la mbele na la nyuma hutazamana kama mtu na kioo, kwa hiyo ni rahisi kuongeza upande usiotakiwa. Tulifunga kipande cha uzi mwekundu kwenye ubavu wa nyonga ya kulia, katika kila bapa, na Afande hakuanza safu kabla ya kukigusa.

Nikikitazama kipande kile mezani, macho yangu ya vitambaa yaliumia. Upande mmoja umevimba, mwingine umelala. Mama yeyote wa kwetu angeuliza nani amekalia kazi hii. Alipomaliza nilitaka kuitia wanga wa muhogo, kama tunavyofanya vitambaa ili visimame. Akaninyang'anya beseni. "Mimi si meza," akasema. Akaifua kwa maji matupu, akaitandaza juu ya taulo bila kuitundika, maana kroshe ya pamba ikitundikwa mbichi hurefuka.

Siku ya kuijaribu alivaa, hakusimama jikoni. Alikwenda bombani moja kwa moja na ndoo, akarudi. Ua wote tulitazama ubavu. Akaenda tena, ndoo tupu, kwa haraka. Akarudi. Mshono ulikuwa pale pale ulipoondokea.

Kanisani nilikaa viti vya nyuma. Walipoingia, mume akiwa na sare iliyopigwa pasi, binti katikati, Afande kulia, watu walimtazama bibi harusi, kama inavyopasa. Mimi nilitazama mshono. Afande alichechemea kama anavyochechemea siku zote. Hilo hatukulishonea dawa. Lakini pindo lilikuwa sawa na sakafu, na mshono ulikaa ubavuni kutoka mlangoni, ukapita kwangu, ukapita wakwe, hadi mbele. Walipomkabidhi binti, ilibidi wazazi wageuke kwenda kuketi. Nikamwona Afande akichezesha midomo bila sauti, na mumewe akiuma yake asicheke. Wakageuka pamoja.

Nusu ya tofali bado iko mbele ya sigiri yake. Anaitumia kupikia.

Sasa ni zamu yako. Kabla ya kugusa uzi, vua viatu, simama kwenye sakafu tupu kama unavyosimama siku zote, umwombe mtu akupime kutoka kiunoni hadi gotini. Aanze kulia, aandike. Kisha kushoto, aandike. Namba zikitofautiana, usichukue ya katikati. Fuma kila upande kwa namba yake.