Ngozi ya Boksi la Tano

Mwanangu, iko siku moja ya mnada wa Katesh ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu. Nilishuka kutoka Endasak kwa pikipiki, nimefunga debe la maharage nyuma, nikaenda moja kwa moja kwa rafiki yangu Paskali, fundi redio, kama nilivyofanya kila siku ya mnada kwa miaka mingi. Mlangoni nikasimama. Kwenye stuli yangu alikuwa amekaa mtu mwingine.

Nasema yangu, ingawa ilikuwa ya Paskali kama vitu vyote mle ndani. Ndivyo wivu unavyoanza, kwa neno dogo la "yangu" mahali lisipostahili.

Aliyekaa aliitwa Gidamisi, mfugaji wa Kibarabaig kutoka tambarare za chini, karibu na ziwa la chumvi. Alikuwa ameleta redio yake itengenezwe. Alinizidi umri kwa miaka kumi hivi, kwa hiyo ilinibidi nimpe shikamoo mtu aliyekalia nafasi yangu.

"Marahaba," akajibu bila kunyanyuka. "Wewe ndiye yule Mwiraqw anayelima mpaka mawe?"

Paskali alicheka mpaka bisibisi ikamdondoka. Mimi nilicheka kwa meno tu.

Ngoja kwanza nikueleze kilichokuwa kikionyeshwa pale dukani, maana bila hicho hutanielewa. Tulipokuwa vijana mimi na Paskali, kule Tumati tulikozaliwa, padre mmoja mgeni alikuwa na deki ya kanda na jenereta. Jumapili baada ya misa alituonyesha tamthilia ya zamani ya kwao. Ilikuwa habari ya mzee mmoja, mkuu wa stesheni ndogo ya treni katika nchi ya baridi. Binti yake alipanda treni siku moja akaenda zake, na tangu hapo mzee alitoka nje kila treni iliposimama, akatazama milango. Padre alisimama kando ya runinga akitutafsiria. Sisi hatukuwahi kuona treni, lakini kungoja mtu tulikujua. Kisha padre akahamishwa kabla hatujafika mwisho, akaondoka na kanda zake.

Mwanangu, kwa miaka ishirini tulibishana kama yule binti alirudi. Paskali alisema alirudi. Mimi nilisema hakurudi. Tulibishana shambani, tukabishana kwenye matanga mpaka tukafukuzwa.

Halafu dada yake Paskali, aliyekuwa sista huko ng'ambo, akaandika kwamba tamthilia ile imesafishwa kutoka kwenye filamu zake za awali na kutolewa upya kwa diski za blu-rei, maboksi matano. Akaanza kumtumia moja moja, kila alipolipata. La kwanza lilipofika, deki ya Paskali ililitema. Kumbe zile diski zimefungiwa upande wao wa dunia, na deki ya huku haizikubali. Vijana wa mnadani walimcheka. "Fundi, nunua sidii za mtaani, moja ina filamu thelathini!" Paskali hakuwajibu. Alishinda na ile deki siku nne, akibonyeza rimoti kama anayetafuta namba za siri za kufuli, mpaka ikakubali. Picha ilipotokea tulisogeza stuli karibu. Ulikuwa unahesabu mikunjo usoni mwa yule mzee. Ulikuwa unaona mvuke wa pumzi yake. Kwenye kanda za padre uso ule ulikuwa kama uji.

Sasa, ugomvi ulitoka wapi? Huku kwetu, mtu mwenye ng'ombe hawalazi wote zizi moja. Huwapeleka wengine kwa marafiki, huyu mmoja, yule wawili. Maziwa ni ya anayetunza, ndama ni wa mwenyewe. Ugonjwa ukiingia zizi moja, jingine linabaki. Na ng'ombe akifa mikononi mwako, unamletea mwenyewe ngozi, ili ajue hukumuuza wala kumla kwa siri. Paskali alikuwa ameshavunjiwa duka mara moja, akaibiwa redio za watu. Kwa hiyo maboksi yake aliyatawanya kama ng'ombe.

La kwanza, lenye picha ya treni kwenye jalada na kitabu chake ndani, lile tulilolifungua pamoja mimi na yeye, alimpa Gidamisi. Mtu asiye na umeme, mwanangu! Mtu ambaye nyumbani kwake hakuna hata taa ya sola!

Mimi nilipewa la tano. Lilifika kabla ya la nne, maana sista alinunua lililopatikana. Paskali hakutaka kuuona mwisho kabla ya kupitia yote. Akanikabidhi likiwa bado na nailoni yake, akasema, "Hata nikilia, usinipe mpaka la nne lifike." Nililifunga kwenye shuka, nikaliweka darini, juu ya mahindi. Lakini moyoni nilijisemea: ameniwekea mimi ndama, yule kampa ng'ombe wa maziwa. Kila siku ya mnada niliwakuta wawili wakicheka, na nikiingia mimi kicheko kinakwisha. Labda kilikuwa kimekwisha chenyewe. Mwenye wivu husikia jina lake hata kwenye kikohozi cha watu.

Kisha siku moja Gidamisi alinikuta kwenye banda la nyama choma, akaniambia kwa sauti ya chini, "Tumshike mkono Paskali. Haya ya macho ni makubwa."

"Ya macho gani?"

Alinitazama. Akajua kwamba sijui.

Paskali alikuwa na presha ya macho. Daktari wa hospitali kubwa alimwambia kwamba kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kinakwenda. Alikuwa anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la bomba. Mwanangu, nitakwambia ukweli ingawa unaniaibisha. Nilichosikia kwanza hakikuwa huruma. Nilisikia kwamba Gidamisi aliambiwa kabla yangu. Mimi niliyechunga naye pamoja, niliyeibiana naye viatu siku ya kipaimara, nikaambiwa habari za macho ya rafiki yangu na mtu wa mnadani.

Wiki hiyo hiyo boksi la nne likafika. Paskali akaniita dukani, Gidamisi akiwepo.

"Damiano, lete la tano. Daktari hanipi muda mrefu. Tunaanza mwanzo, tunaangalia mchana mchana, mpaka mwisho, ningali nauona ule uso."

Nikamtazama Gidamisi pale kwenye stuli. Mdomo wangu ukasema jambo ambalo kichwa kilikuwa bado hakijalifikiria.

"La tano halipo," nikasema. "Ng'ombe alilikanyaga. Mwezi uliopita. Niliogopa kukwambia."

Paskali alishika meza. Kisha, kama mtu anayejaribu kutania kwenye msiba, akasema, "Haya. Ngozi iko wapi?"

Ilikuwa mzaha, lakini pia haikuwa mzaha. Ni haki yake. Nikajibu, "Nitaileta kesho."

Njia ya mwongo ni fupi, wazee walisema, lakini hawakutuambia kwamba mwishoni mwa njia hiyo uongo unakugeukia ukudai. Nilirudi Endasak, nikatoa lile boksi kwenye shuka. Lilikuwa zima, na nailoni yake. Ningeweza kulipakia kwenye pikipiki nikarudi, nikasema nimekosa. Yangekuwa mambo ya nusu saa. Badala yake nililiweka kwenye jiwe la kuanikia nafaka, nikalipiga kwa mgongo wa jembe. Boksi likabonyea, lakini diski tatu zilizokuwa ndani hazikuvunjika. Ni ngumu, zinapinda kama jani la mgomba. Ikabidi nizikunje kwa mikono, moja moja, juu ya goti, mpaka zikalia na kumwaga vumbi la fedha kwenye suruali yangu. Mke wangu alikuwa akipepeta maharage. Alinitazama, akaendelea kupepeta.

Kesho yake niliweka vile vipande mezani kwa Paskali. Alivipapasa. Fundi redio ana macho kwenye ncha za vidole, na huyu alikuwa anajifunza kuyatumia zaidi. Akapitisha kidole kwenye ukingo wa kila kipande, taratibu. Kisha akampa Gidamisi.

Gidamisi alivigeuza. Akavinusa, kama anavyonusa ngozi.

"Mwiraqw," akasema, "huyu ng'ombe wako ana mikono?"

Akavipanga mezani kimoja kimoja.

"Akikanyaga, anakanyaga na mavi yake. Hapa hakuna mavi, hakuna udongo. Na vitu vitatu vimevunjika katikati, vyote sawa, kama muwa. Halafu unasema mwezi uliopita. Ngozi ya mwezi uliopita haina damu, na hivi bado vinamwaga vumbi."

"Mzee, mwache," Paskali akasema.

"Nimwache? La kwako nimelala nalo kichwani mwaka mzima, ndani ya mfuko wa ngozi ya mbuzi, na sijui hata linafananaje likiwashwa! Ng'ombe wa mtu si lazima umkamue ndiyo umtunze."

"Nimesema mwache."

Gidamisi akanyanyuka, akatoka nje, akatuachia nafasi. Nataka ukumbuke hilo, mwanangu. Mtu niliyemchukia kwa kukalia nafasi yangu ndiye aliyejua wakati wa kuondoka.

Paskali akageuza uso kwangu. Kisha akasema, "Ungeniambia tu kwamba unamwonea wivu. Ningekucheka, tungekunywa chai, yakaisha."

"Kwa nini ulimwambia yeye kwanza habari za macho?"

"Kwa sababu yeye angetikisa kichwa tu. Wewe ungelia, na mimi nisingeweza kukutazama unalia." Akakusanya vipande kwa kiganja. "Na la tano nilikupa wewe kwa sababu mko wengi wa kunitunzia mali, lakini mtu wa kungoja mwisho pamoja nami ni mmoja. Nilijua hutalifungua bila mimi. Na kweli, hukulifungua."

Ningependelea anipige.

Niliandika barua kwa sista kwa mkono wangu, nikamweleza yote bila kujitetea. Akatafuta boksi jingine. Mapya yalikuwa yamekwisha, akapata lililotumika kwa mtu. Lilifika baada ya mavuno mengine. Wakati huo Paskali alikuwa anaona mwanga wa dirisha tu.

Tuliangalia hivyo hivyo, watatu, mchana, mlango umefungwa. Paskali alijifunza Kiingereza kwenye vitabu vya redio, na sauti ilikuwa imewekwa ya Kiingereza, kwa hiyo yeye alisikia. Mimi wa darasa la saba niliona. Yeye alinipa maneno, nami nikampa picha. "Sasa theluji inaanguka. Sasa mzee anavaa kofia." Gidamisi alikuwa akinisahihisha: "Sema na mbwa. Umemsahau mbwa."

Tukafika treni ya mwisho. Ikasimama. Mlango mmoja ukafunguliwa. Na hapo, mwanangu, hapakuwa na neno hata moja. Hapakuwa na muziki. Aliyeshuka hatukuonyeshwa. Tulionyeshwa uso wa mzee peke yake, mkubwa, umejaa runinga yote, kila mkunjo wazi.

"Amekuja?" Paskali akauliza.

"Hawamwonyeshi. Wanaonyesha uso wa mzee."

"Uso unasemaje?"

Nilitazama kwa nguvu zangu zote. "Macho yana maji. Mdomo unacheza kidogo."

"Ni furaha au ni nini?"

"Paskali, sijui."

"Mzee Gidamisi?"

"Na mimi sijui," Gidamisi akasema.

Picha ikazimika, yakaanza kupita majina ya watu. Paskali alikuwa ameinua uso kuelekea kwenye runinga. Akasema polepole, bila hasira yoyote, "Mimi ningejua. Ningeuona, ningejua."

Rafiki yangu tumemzika msimu huu wa mvua, kule Tumati, kando ya mama yake. Alikuwa amenisamehe zamani, na tulicheka mengi baada ya hapo, maana msamaha wake ulikuwa wa kweli. Lakini msamaha haurudishi kitu. Unakuruhusu tu kukaa karibu na ulichokiharibu.

Basi sikiliza, mwanangu, ninaloweza kukuachia ni hili. Wivu utakujia, usijidanganye kwamba wewe ni tofauti. Utakujia kwa rafiki, kwa ndugu, kwa mwenzako kazini. Ukija, useme. Mwambie yule yule unayempenda, siku ile ile, hata kama utaonekana mtoto. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wivu ni maradhi. Usipime ulichopewa kwa kutazama mkononi mwa mwingine. Muulize aliyekupa kwa nini alikuchagua kwa hicho. Na ulimi wako ukiteleza, simama hapo hapo ulipoteleza. Kusema "nimedanganya" siku ya kwanza kunauma kama mwiba. Siku ya pili uongo utakutuma ukaue kitu ili uonekane mkweli, na hujui kitu hicho ni cha nani, wala muda wa mwenyewe umebaki kiasi gani.

Mungu wa mlima na wa tambarare akutazame. Mvua ikunyeshee bila kukuchukulia udongo. Maharage yako yajae, ng'ombe wako wazae, na mlango wako usikose mtu wa kubisha hodi. Upewe marafiki wawili, na upewe moyo wa kufurahi wakipendana. Uende salama, urudi salama.