Unga wa Achari ya Kwenda Ulaya

Siku ile naikumbuka hadi leo, mwanangu, maana ndiyo siku nilipoanza kuwatazama kwa jicho la pembeni watu wanaokuja na msaada mkononi. Umenieleza kwamba serikali itawasaidia nyie vijana kuuza juisi yenu ya ukwaju nchi za nje. Nimefurahi. Lakini usiondoke kwanza, chai yenyewe bado ya moto.

Enzi za Ujamaa, hapa hapa Temeke, tulikuwa kikundi cha wanawake tukitengeneza achari ya embe. Mkubwa wetu alikuwa shangazi yangu, Bi Mwanaidi, mtu wa maneno machache, na kila kitu alikitilia shaka, hata mawingu ya mvua. Tulifanya kazi katika chumba cha nyuma ya ofisi ya tawi la chama, tulichopewa bure. Bila chumba kile hakukuwa na kikundi.

Asubuhi moja akaja afisa wa biashara ya nje, kijana wa suti ya Kaunda, viatu vinang'aa kuliko sufuria zetu. Alifuatana na balozi wetu wa nyumba kumi. Hata shikamoo hakutoa. Akatuambia taifa linahitaji fedha za kigeni, na achari yetu imechaguliwa kwenda Ulaya. Tukapiga vigelegele, na changu kilikuwa kirefu kuliko vyote. Kisha akatoa mfuko wa unga mweupe usio na maandishi yoyote.

"Kila sufuria kijiko kimoja," alisema. "Achari haitaharibika melini."

Nilikwisha kuchota kijiko, shangazi akanidaka mkono. Akapakua achari kwenye kisahani, akanyunyizia ule unga, akamsogezea afisa.

"Toa uchawi kwanza, baba."

Nyie mmezaliwa zama za chupa zenye vizibo vya plastiki, labda hamjui. Kwetu anayeleta chakula hukionja yeye kwanza mbele ya wenzake, ndipo nao wale. Huko ndiko kutoa uchawi. Si tusi, ni adabu. Lakini kijana yule alikitazama kisahani kana kwamba kina nge.

"Mama, hii ni ya wateja wa nje. Siyo ya kula sie."

"Kwani wao wana matumbo ya bati?"

Balozi akaja juu. Akasema Bi Mwanaidi anarudisha taifa nyuma, na kesho tutatoka chumbani. Wenzetu nao wakamgeukia shangazi, kila mmoja na lake. Mimi niliogopa, tena sana, kwa kuwa nyumbani tulikula kwa fedha ya achari ile. Shangazi hakupandisha sauti.

"Baba, sijakukatalia. Niambie tu hiki ni kitu gani."

Afisa akafuta jasho. "Mie mwenyewe sijui, mama. Nimepewa tu kule stoo."

"Basi kaulize. Tunakusubiri."

Jioni ile tulianza kufungasha sufuria zetu, maana balozi hakuwa anatania.

Kesho yake afisa alirudi peke yake. Alisimama mlangoni, hakuingia. "Shikamoo, mama," akasema. Akatueleza kwamba ule unga ulikuwa wa kuoshea chupa kiwandani. Mtunza stoo alichanganya mifuko. Niliposikia hivyo nikakaa chini palepale.

Shangazi hakumcheka. "Karibu ndani," alimwambia. "Sasa tunaweza kufanya kazi."

Ni afisa huyohuyo aliyetutetea kwa balozi tukabaki na chumba, na akatutafutia siki nzuri na chupa. Tulipojaza chupa ya kwanza ya kwenda nje, shangazi alichota, akala yeye kwanza mbele ya afisa, ndipo akampa kijiko. Kijana alikula, akaomba tena.

Kwa hiyo, mwanangu, msaada wa serikali usiukimbie. Ila huyo atakayekuja kwenu muulize anacholeta ni nini, kimetoka wapi, na kama yeye mwenyewe yuko tayari kukionja. Akinuna, mwache anune. Na wewe usimuuzie mtu wa mbali kitu usichoweza kumnywesha mwanao. Mungu akufungulie riziki ya halali, akulinde na vinono visivyo na jina, na jina lako lifike mbali likiwa safi.

Haya, mimina hiyo juisi yako tuione. Lakini anza wewe.