Mtu wa Kushuka Naye Majini

Mengi ya ujana wangu yameshanitoka kichwani, mwanangu, lakini siku ile naikumbuka hadi leo. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mzamiaji wa bandarini Mwanza, na nilijiona sina mpinzani chini ya maji. Mashua iliyobeba injini ya kiwanda cha kuchambua pamba ilikuwa imezama ziwani, upande wa Geita, na wakulima walikuwa wameshaanza kuvuna. Tukaitwa wazamiaji sita kutoka huku na huko. Hakuna aliyemjua mwenzake.

Msimamizi alitukusanya ufukweni akatuambia kwamba hashuki mtu peke yake. Kila mmoja atafute wa kushuka naye.

Wa kwanza kunijia alikuwa Mzee Mabula, mtu mfupi, mpole wa sauti. Akaniuliza nimezama mara ngapi, nikiishiwa hewa nitamwonyesha ishara gani, na tukipotezana tutafanyaje. Akanionyesha na ishara yake, akataka hata kuukagua mtungi wangu wa hewa. Nilikerwa, nikaona ananipima kama mwanafunzi. Nikamwambia nimeshapata mwenza, na huo ulikuwa uongo. Kisha nikamwendea Shija, kijana wa rika langu, kifua kipana, mcheshi. Tulitaniana kidogo, tukapeana mikono. Hayo ndiyo yalikuwa maandalizi yetu.

Chini maji yalikuwa mazito kwa tope, kama uji wa ulezi. Shija alitangulia kwa kasi, na punde si punde sikumwona tena. Nilipaswa kupanda. Lakini nilikuwa na kiburi, mwanangu, nikaendelea hadi nikaifikia injini, nikaanza kuifunga kamba.

Hapo hewa ikawa ngumu kuvuta. Mitungi ya siku zile ilikuwa na kifimbo pembeni. Ukikishusha, unapata hewa ya akiba ya kukutosha kupanda. Nikakipapasa. Kilikuwa kimeshashuka. Nadhani kiligongwa tulipokuwa tukipanda mtumbwi, na hewa ya akiba nilikuwa nimeshaivuta pamoja na ile nyingine bila kujua.

Niligeuka kumtafuta Shija, nikaona tope tupu. Nilimfikiria mama yangu kule Runzewe.

Ndipo mkono ukanishika bega. Alikuwa Mzee Mabula, ambaye alikuwa akifunga kamba upande wa pili wa injini pamoja na mwenzake. Nikapitisha kiganja shingoni, ishara aliyonionyesha asubuhi nami nikaipuuza. Akatoa mpira wa hewa kinywani mwake akanipa. Tukapokezana hivyo, pumzi zangu mbili, zake mbili, tukipanda taratibu hadi juani.

Mtumbwini alinisaidia kuuvua mtungi.

"Asubuhi nilikuuliza maswali kwa sababu sikukujua," akasema. "Wewe humjui Shija, na hukumuuliza hata moja. Ulimkabidhi roho yako kwa sababu anachekesha."

Shija naye alipoibuka alijishika kichwa. Alidhani muda wote nilikuwa nyuma yake. Hakuwa mtu mbaya, na sikumlaumu. Hatukuwa tumekubaliana lolote.

Kesho yake alfajiri nilimfuata mzee, nikampa shikamoo, nikamwomba nishuke naye.

"Marahaba," akajibu. "Lete mtungi tuukague."

Injini tuliitoa siku ya nne, na watu wa kiwandani walitushangilia. Nilizama na mzee yule miaka tisa, na hakuna siku aliyoacha kuniuliza maswali yaleyale.

Nakuambia haya kwa sababu wiki ijayo unakwenda Mwakitolyo, kwenye machimbo ya dhahabu, kushuka shimoni na watu usiowajua. Sina wasiwasi nawe, una nguvu na una akili. Ila usichague mwenza kwa ucheshi wala kwa ukubwa wa kifua. Muulize atafanya nini kamba ikikatika, nawe umwambie wazi utakalofanya. Akikasirika, mwache, tafuta mwingine. Akikuuliza yeye kwanza, usinune kama nilivyonuna mimi. Huyo ndiye wa kushuka naye. Na siku mkipotezana, panda.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe macho ya kumtambua mtu mwema kati ya wageni, akufanye na wewe kuwa mwema kwao, na kila utakaposhuka akurudishe juu mzima.