Tundu la Kidole Gumba

Miaka ya kufundisha sanaa shule ya msingi ilimwachia Mwalimu ugonjwa mmoja: hawezi kuiona meza chafu akaipita. Mwachie chumba kilichokwisha kutumika, na kabla hujageuka atakuwa ameosha brashi, amefuta turubai la mezani na kurudisha udongo wote uliobaki kwenye ndoo ya maji, ulainike utumike tena. Shuleni walimsifu sana kwa hilo. Mkuu wa shule alikuwa akiwapitisha wageni darasani kwake kama mtu anayeonyesha sebule mpya.

Kisha akaacha kazi ya kudumu, akaenda chuo kikuu kusomea shahada ya uzamili ya tiba kwa sanaa. Ukoo mzima ulishika tama. Shemeji yake alitaka kujua kama kweli mtu anaweza kutibiwa kwa rangi, na kama ni hivyo, mbona mgongo wake bado unamuuma na nyumba ameipaka juzi tu. Mwalimu alicheka pamoja nao. Hakuwaambia kwamba baadhi ya watoto darasani kwake walikuwa wakimnong'oneza mwanasesere wa soksi mambo ambayo hawakumwambia mtu mwingine yeyote, na kwamba yeye, mkono wake ukiwa ndani ya soksi hiyo, hakujua awajibu nini. Alitaka kujua. Hiyo ndiyo sababu yake yote.

Chuoni wenzake walikuwa vijana watupu, maneno marefu yanawatoka kama maji ya bomba. Wiki ya kwanza tu, katika zoezi la kuigiza, akaambiwa awe upepo. Mtu mzima, mke wa mtu, mama wa watoto, anaambiwa azunguke chumba awe upepo! Akazunguka. Alipomaliza, kijana mmoja mwenye kipini puani akamwambia kwamba upepo wake una huzuni. Mwalimu alienda chooni akacheka hadi machozi, halafu machozi yakaendelea baada ya kicheko kwisha. Lakini hiyo ilikuwa aibu tu. Woga wenyewe ulikuwa unamsubiri mbele, kwenye mazoezi ya vitendo.

Alipangiwa hospitali ya magonjwa ya akili, wodi ya wanaume. Chumba chake kilikuwa stoo ya mashuka zamani: sinki la chuma, dirisha moja lenye nondo, meza ndefu, rafu ya mbao, na ukutani, kando ya mlango, kitufe chekundu cha kuitia msaada. Nesi wa zamu alimwonyesha kila kitu kwa upole. Akamwambia avue mkufu na abane nywele.

"Usiwe na wasiwasi, dada," nesi alisema. "Hakuna kitu kitatokea. Ila wewe kaa karibu na mlango."

Sasa ukishamwambia mtu hivyo, unategemea alale usingizi? Kuanzia siku hiyo Mwalimu hakuwahi kuingia chumba kile bila kwanza kupima kwa macho umbali kutoka kiti chake hadi kitufe.

Wagonjwa wake walikuwa wanne. Watatu hawakumpa shida. Wa nne wodi nzima ilimwita Mlango, kwa sababu wiki aliyoletwa aling'oa mlango wa bafu pamoja na bawaba zake. Alikuwa pande la mtu, mabega kama kabati, na tangu aletwe alikuwa hazungumzi na yeyote ila kwa ndiyo na hapana. Alikuja kwenye kikundi kila Alhamisi, akakaa upande wa sinki, akaweka mikono mezani na kuiangalia. Hakugusa penseli, hakugusa rangi. Mwalimu alimsalimia kila mara kwa sauti ya kitoto kidogo, ile sauti ambayo mtu humsemesha nayo mbwa asiyemjua, na aliichukia sauti hiyo ikimtoka.

Alhamisi moja Mlango akanyoosha mkono, akamega udongo. Hakuumba kitu. Aliufanya donge, kama andazi hivi kwa ukubwa, akalikandamiza mezani, kisha akaliingiza kidole gumba katikati na kuanza kukizungusha taratibu. Alizungusha mpaka muda ukaisha. Akainuka, akaliacha donge ukingoni mwa meza, akaondoka bila kuaga. Na Mwalimu, aliyekuwa ameshikilia pumzi muda wote, aliipumua yote kwa mkupuo, akachukua kitambaa akaanza kusafisha. Akaosha brashi. Akafuta turubai. Udongo uliobaki akautia kwenye ndoo.

Kesho yake alikwenda kwa msimamizi wake. Wanafunzi walimwita mama huyu Mama Kimya, maana ukimwambia jambo hunyamaza akakutazama mpaka unaongeza na usilokusudia kulisema. Mwalimu akaeleza habari za wale watatu, halafu akasema kwamba Mlango hakufanya kitu, alitoboatoboa donge la udongo tu kwa kidole.

Mama Kimya akaweka kalamu chini.

"Ameshika udongo?"

"Ameshika."

"Mwanangu, huyo hajagusa kitu chochote cha kwetu tangu aje. Umelihifadhi?"

Mwalimu akaona kwa macho ya ndani: mikono yake mwenyewe, donge, ndoo, maji yakifanya mawimbi madogo. Sheria ya kwanza kabisa waliyofundishwa, hata kabla ya ule upepo, ni kwamba alichokifanya mgonjwa ni mali ya mgonjwa, hata kama ni mstari mmoja uliopinda, na hakitupwi bila yeye kusema. Mwaka uliopita mwanafunzi mmoja alipeleka nyumbani mchoro wa mgonjwa kumwonyesha mchumba wake. Huyo sasa anauza bima.

"Limehifadhiwa," Mwalimu akasema.

"Vizuri. Alhamisi akimaliza, niletee. Tulitazame pamoja."

Mtu angeweza kusema ukweli pale pale, akapigwa maneno mawili matatu, yakaisha. Ningekuwa jirani yake ningemfinya. Lakini woga una haraka zake, na neno likishatoka mbele ya mama yule halirudi. Mwalimu alitoka ofisini, akashuka ngazi ameshika ukuta.

Jumapili mchana alikaa jikoni na fungu la udongo wa chuo kwenye sinia. Mume wake, fundi majokofu, alikuwa sakafuni kafungua friji ya mteja, vyuma vimezagaa hadi mlangoni.

"Ndiyo shahada yenyewe hiyo?" akauliza. "Matope?"

"Kazi ya darasani."

"Mbona unatetemeka?"

"Sitetemeki."

"Haya, mama. Ni udongo ndio unaotetemeka."

Hakuweza kumwambia. Habari za wagonjwa haziingii nyumbani, hiyo nayo ni sheria, na alikuwa amekwisha kuvunja moja. Akaliumba donge. Mikono yake ilikuwa na kumbukumbu nzuri: ukubwa ule ule, ubapa ule ule kwa chini, ufa mdogo pembeni. Kisha akaingiza kidole gumba chake katikati na kukizungusha. Lilipokamilika alilitazama akaona limetoka vilevile, hata yeye mwenyewe asingelitofautisha. Alilifunga kwenye mfuko wa plastiki lisikauke kabisa. Usiku wa Jumatano hakulala vizuri. Asubuhi akashindwa kunywa hata chai.

Aliliweka rafuni kabla hawajaingia. Watatu wakaja, wakachukua karatasi zao. Nesi akamleta Mlango, akabaki kwenye kiti chake nje ukumbini. Mwalimu akasalimia kwa ile sauti yake. Aliomba kimoyomoyo kwamba mtu huyu akae kwenye kiti chake cha siku zote, aiangalie mikono yake, asahau.

Mlango hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kwenye rafu, akaufungua mfuko, akalitoa donge na kuja nalo mezani. Alilishika kwa mikono miwili, kwa uangalifu ambao Mwalimu hakuwahi kuuona kwake, akaliweka mbele yake. Akaingiza kidole gumba.

Kikagota njiani. Akakitoa, akakitazama, akakirudisha tena. Tundu halikumtosha. Halikuwa tundu lake, lilikuwa la mwanamke mwenye mikono midogo.

"Hili si langu," akasema.

Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kusema ndani ya chumba kile. Akainua uso. Kitufe kilikuwa nyuma ya bega la kulia la Mwalimu, na alijua bila kugeuka kwamba mkono wake ungekifikia.

Na uongo ulikuwa tayari mdomoni, uongo mzuri, wa kitaalamu. Udongo ukikauka hunywea. Kila mfinyanzi anajua, tundu linapungua, kidole hakiingii tena. Angesema hivyo kwa sauti ya kimwalimu na mtu yule angemwamini, kwa sababu angefanya nini? Ameambiwa na madaktari kwamba sauti anazozisikia hazipo. Ameambiwa na nesi kwamba watu anaowaona dirishani hawapo. Angeambiwa na huyu naye kwamba kidole chake hakijui kilipopita, akakubali, akaongeza na hilo juu ya mengine.

Mwalimu alijua anayaharibu masomo yake, anaharibu kila alichoachia kazi, na alijua kwamba mtu huyu anaweza kuivunja meza ile kwa mkono mmoja. Aliogopa mpaka akahisi mkojo unataka kumponyoka. Akajikaza kisabuni.

"Ni kweli," akasema. "Si lako. Lako nilidhani ni udongo uliobaki, nikalitia kwenye ndoo. Hili nimelitengeneza mimi nyumbani ili usijue. Nilikosea kulitupa, na nimekosea zaidi kukudanganya. Nisamehe, kaka."

Kalamu za rangi zilinyamaza upande wa pili wa meza. Mlango alikuwa bado anamtazama. Ile sauti ya kitoto haikuwamo tena katika maneno ya Mwalimu, alilitambua hilo baada ya kuyasema. Lakini kutetemeka kulikuwamo, tena sana, mikono ameificha chini ya meza.

Mlango akalirudia donge. Safari hii aliingiza kidole kidogo, kile cha mwisho, kikapita. Akakizungusha ndani polepole, akifuata kingo, kama mtu anayesikiliza kwa ncha ya kidole. Akarudia.

"Ulikuwa unatetemeka," akasema. "Limejaa mikunjo humu."

"Ndiyo."

"Unaniogopa?"

Vitabuni wameandika kurasa nzima kuhusu swali kama hilo, jinsi ya kulirudisha kwa mgonjwa, jinsi ya kumuuliza kwa nini anauliza. Mwalimu alizisoma zote, akazipigia mistari. Hakuna hata moja iliyomjia.

"Nakuogopa," akasema. "Tangu siku ya kwanza. Hata sasa."

Mlango akaitikia kwa kichwa taratibu. Mwalimu aliusogeza mkono kwenye ukingo wa kiti, nesi alikuwa hatua chache tu nje, lakini hakumwita. Yule mwanamume mkubwa alikuwa ameinamia donge lisilokuwa lake, na aliposema, alilisemea donge lenyewe, kwa sauti ya chini hata wenzake watatu wakainama waisikie.

"Mama naye ananiogopa. Nikiingia jikoni anachukua visu anaweka chini ya kanga, halafu namuuliza, mama unafanya nini, ananiambia, napanga kabati tu, mwanangu. Kila siku anapanga kabati." Akakitoa kidole tunduni. "Mimi nilidhani ni kichwa changu."