Mimi ndiye perezida wa akina mama, lakini ufunguo anao mume wangu

Admin, tafadhali usiweke jina langu, maana mawifi zangu wote wanasoma ukurasa huu. Nina miaka thelathini na sita na watoto wanne, naishi upande wa Kigwena, ukitoka Rumonge mjini kuelekea kusini.

Mwaka jana ofisi ya serikali inayosaidia wanawake ilitupatia mashine ya kukamua mawese. Sharti lilikuwa moja: ushirika uwe wa wanawake na uongozwe na mwanamke. Wenzangu wakanichagua mimi. Wiki haikuisha, mume wangu akachukua ufunguo wa kibanda cha mashine. "Weye utajua mambo ya mashine? Acha nikusaidie." Kidogo kidogo mikutano akaiongoza yeye, mimi nikabaki kuandika majina ya waliohudhuria. Na nisiwadanganye, mwanzoni nilifurahi kwa sababu kazi ilinipungukia. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kuna mjane katika ushirika wetu, nimwite Mama Zuhura. Alimuuliza mume wangu mbele ya watu kwa nini mashine inakamua kwanza ngazi, ile mikungu ya chikichi, za rafiki zake wanaume. Tangu hapo, kila akileta ngazi za michikichi yake, anaambiwa mashine imekufa. Zikamuozea uani. Tukakutana sokoni, akaniuliza kwa sauti: "Weye ni perezida wa nani? Wa bwana yako?" Watu wakacheka. Nami nikacheka nao.

Siku chache baadaye akaja mama mmoja wa ile ofisi kukagua. Akaniuliza, "Ufunguo iko kwa nani?" Nikajibu, "Iko kwangu, mama." Akashukuru, "Murakoze. Basi fungua." Nikabaki napapasa kitenge changu kama kweli nimeuweka humo. Mume wangu akautoa mfukoni, akacheka: "Alinipa nimushikie." Yule mama hakucheka. Wakati wa kuondoka akaninong'oneza kwamba atarudi Alhamisi ya wiki inayofuata, aongee na mimi peke yangu, na akihakikisha mwanaume ndiye anayeongoza, mashine itapelekwa kwa akina mama wengine.

Ijumaa mume wangu alipokuwa anaoga kwenda msikitini, nikachukua ufunguo kwenye suruali yake. Nikamwita Mama Zuhura na wenzetu watano, tukakamua ngazi zake zilizobaki. Aliporudi akatukuta mikono imejaa mafuta. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Umenivua nguo mbele ya watu." Akafunga nguo zake, akahamia kwa kaka yake.

Sasa mama mkwe ananiambia nimpelekee ufunguo, nipige magoti, na Alhamisi niseme kila kitu kiko sawa. Mume wangu hajawahi kunipiga, watoto wanamlilia, na mimi pia namkosa nyumbani. Lakini nikidanganya tena, akina mama wale watarudi kuambiwa mashine imekufa. Nikisema ukweli wa miezi yote, tunaweza kuipoteza sote, na yeye sidhani atarudi.

Leo ni Jumanne. Ufunguo nimeufunga kiunoni, kila dakika naushika kuona kama bado upo. Ndugu zangu mnaonisoma, yule mama akiketi mbele yangu keshokutwa, nimwambie nini?